Vidonge Vitamu na Machozi ya Hana



Mezani pangu kuna barua ya kurasa nne, imeandikwa pande zote mbili. Aliyeiandika ni mama mwenye umri wa miaka 36, aliyefunga ndoa kanisani miaka saba iliyopita. Hajabarikiwa mtoto. Ameniomba nisitaje jina lake wala parokia yake, nami sitavitaja. Ila ameniruhusu nimjibu hapa, mbele yenu, kwa sababu anasema wako wengi wanaolala na kuamka na swali kama lake. Swali lenyewe ni fupi: anameza vidonge vya tiba iitwayo homeopathia ili apate mtoto, je, anatenda dhambi?

Nitamjibu. Lakini nilipoisoma barua hiyo mara ya pili niliona kwamba swali la dhambi ndilo jepesi kuliko mengine yaliyomo humo, ambayo yeye mwenyewe hakuyaandika kama maswali.

Tuanze na safari yake. Miaka miwili ya kwanza walingoja kwa furaha. Mwaka wa tatu mama mkwe akaanza kuuliza, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. Ninyi mnajua desturi zetu: mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani. Yeye katika kikundi cha akina mama bado anaitwa bibi ya fulani, na anasema kila anapoitwa hivyo husikia kama mtu amemkumbusha deni. Akasali novena. Nyanya ya mumewe akamletea mizizi michungu ya kuchemsha. Mwishowe rafiki yake akampeleka mjini kwa mtaalamu wa homeopathia.

Hapo ndipo barua inapobadilika. Mtaalamu yule alimkalisha kitini akamsikiliza kwa saa moja na nusu. Alimuuliza juu ya hedhi yake, inakuja lini, ni nyingi au kidogo, ina mabonge au haina. Lakini hakuishia hapo. Alimuuliza kama huwa anasikia baridi au joto, analala ubavu gani, anaota nini, anatamani chakula cha chumvi au cha sukari, anapenda kufarijiwa anapohuzunika au anataka kuachwa peke yake. Alimuuliza juu ya magonjwa ya mama yake na ya nyanya yake. Kisha akamuuliza ni huzuni gani kubwa aliyowahi kuipata maishani. Mama huyu akalia. Alimweleza juu ya kifo cha baba yake, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote jinsi lilivyomchoma. Akatoka na kichupa kidogo cha vidonge vyeupe vitamu, na moyo mwepesi ambao hakuwa nao kwa muda mrefu.

Hiyo ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Ameenda kila mwezi. Pesa walizokuwa wameweka kwa ajili ya vipimo vya hospitali zimekwisha. Mumewe hajapimwa hata mara moja, kwa maana asema yeye ni mzima.

Sasa tuieleze tiba hii, maana wengi wanaichanganya na mitishamba, na si mitishamba. Aliyeianzisha alikuwa daktari Mjerumani aitwaye Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755 na kufariki mjini Paris mwaka 1843. Zama zile madaktari waliwatoa wagonjwa damu kwa ndoo na kuwapa zebaki, na wengine walidhuriwa na tiba yenyewe. Hahnemann alichukizwa, na kwa hilo tumpe haki yake. Mwaka 1790 alijaribu mwenyewe gome la mti wa kwinini, akajisikia dalili kama za malaria, na kutokana na hapo akajenga fundisho lake: kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani, kikitolewa kwa kiasi kidogo sana, kitamponya mgonjwa mwenye dalili zinazofanana na hizo. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1810.

Kidogo sana maana yake nini? Wanachukua tone moja la dawa wanalichanganya na matone 99 ya maji au spiriti, wanatikisa kwa nguvu. Tone moja la mchanganyiko huo wanalitia tena katika matone 99, wanatikisa. Hivyo hivyo, mara nyingi hadi mara 30. Ukifanya hesabu, baada ya hatua ya 12 hivi huwezi kutegemea kwamba imebaki hata chembe moja ya kile kilichowekwa mwanzoni. Kwa hatua ya 30, kile kitu kimechanganywa na maji kwa kipimo cha moja kwa tarakimu yenye sifuri 60. Kinachobaki ni maji, na maji hayo hudondoshewa vidonge vya sukari. Wenyewe wanasema kutikisa kunaamsha nguvu fulani iliyofichika, ambayo inazungumza na nguvu ya uhai iliyomo mwilini.

Kwa wanawake wasiopata mimba, wataalamu hawa hawatafuti kwanza ni wapi penye kasoro, ni mirija au ni mayai. Wanatafuta huyu ni mwanamke wa namna gani. Aliyechoka, mwenye hasira za haraka, anayesikia uzito ukivuta chini ya tumbo na hataki mumewe amkaribie, hupewa Sepia, ambayo asili yake ni wino wa mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi. Mpole, mwenye machozi ya karibu, anayependa kubembelezwa na ambaye hedhi yake huchelewa, hupewa Pulsatilla, ua la zambarau la Ulaya. Aliyefungia huzuni moyoni miaka mingi, asiyelia mbele ya watu, asiyependa kufarijiwa, na anayependa chumvi, hupewa Natrum muriaticum. Jina ni refu la Kilatini, lakini kitu chenyewe ni chumvi ya mezani.

Mama yetu alipewa hiyo ya tatu. Nakiri kwamba nilipoona ni chumvi nilitabasamu. Kisha nikarudi kwenye barua, nikasoma tena habari za baba yake, na tabasamu likaniishia. Yule mtaalamu alikuwa amemwona. (Alimkataza pia kahawa, kama wengi wao wanavyofanya, na kwa mtu aliyezaliwa katikati ya mikahawa hiyo ni toba ya kutosha.)

Basi, ni dhambi? Hapana, mama. Kanisa halijatoa amri ya kuikataza tiba hii. Mwaka 2003 Vatikano ilitoa waraka juu ya mafundisho yajiitayo ya Zama Mpya, na homeopathia imetajwa humo katika orodha ya tiba zinazoenda mara nyingi pamoja na mafundisho hayo. Huko ni kuonywa tufungue macho, si kuhukumiwa. Mtaalamu akianza kukuambia habari za nyota, au za roho, au kwamba ukomunike kidogo ili dawa ifanye kazi, chukua mkoba wako uondoke. Lakini kumeza kidonge cha sukari kwa nia njema si uchawi wala si kuabudu miungu.

Swali linalofuata ndilo lenye uzito: je, inasaidia? Hapa lazima niseme wazi, hata kama nitawaudhi baadhi yenu. Mwaka 2010 kamati ya sayansi ya bunge la Uingereza iliupitia ushahidi ikasema dawa hizi hazifanyi kazi kuliko kidonge kitupu. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia nalo lilichunguza tafiti nyingi, likasema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Mirija iliyoziba haifunguliwi na chumvi iliyochanganywa na maji mara thelathini. Uvimbe wa kizazi hauyeyuki. Mbegu za mume zilizo chache haziongezeki kwa sababu mke amemeza kidonge.

Utaniambia, Padre, jirani yangu alimeza na akazaa. Namwamini jirani yako. Lakini sikiliza hesabu hii. Kati ya wanandoa 100 ambao mke hajafika miaka 40, wanaokutana mara kwa mara bila kuzuia, zaidi ya 80 hupata mimba mwaka wa kwanza. Kati ya wale waliobaki, karibu nusu hupata katika mwaka wa pili, bila dawa yoyote. Sasa, mwanamke huanza lini kutafuta waganga? Huanza hasa katika mwaka huo wa pili. Kwa hiyo chochote anachomeza wakati huo, kiwe mzizi, kidonge au chai ya tangawizi, kitavikwa taji. Wale waliomeza na hawakuzaa hawatoi ushuhuda sokoni.

Ubaya wa vidonge hivi, basi, si sumu. Ubaya wake ni kalenda. Mwanamke wa miaka 25 anaweza kungoja. Mwanamke wa miaka 36 mayai yake yanapungua kila mwaka, na miezi kumi na minne ni mingi.

Hapa nataka nimgeukie Hana, mke wa Elkana. Mnaikumbuka habari yake katika sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Kila mwaka walipanda kwenda Shilo, na kila mwaka Penina alimchokoza mwenzake juu ya tumbo lake lisilozaa. Elkana alimpenda Hana, na alipogawa nyama ya sadaka alimpendelea. Alipomwona analia na hali chakula, alimuuliza kwa nini analia, kwa nini hali, kwa nini moyo wake una huzuni, na kama yeye mume si bora kwake kuliko wana kumi. Ni maneno ya mapenzi kabisa. Lakini someni vizuri, akina baba. Aliuliza maswali manne mfululizo, na Maandiko hayatuonyeshi Hana akijibu hata moja. Labda hakupewa nafasi. Swali la mwisho halikuwa swali hata kidogo, lilikuwa juu ya Elkana mwenyewe.

Hana akainuka akaenda hekaluni. Kuhani Eli alitazama midomo yake ikitikisika bila sauti, akadhani amelewa. Mimi kama padre aya hiyo hunichoma kila ninapoisoma, maana ni mara ngapi nasi tumewaona akina mama wakilia kanisani tukadhani mambo mengine? Lakini Eli, tofauti na Elkana, alikaa akasikia jibu. Hana akamwambia kwamba hakulewa, bali alikuwa akiimimina roho yake mbele za Bwana. Eli akambariki. Na sasa tazameni: Hana alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Samweli alikuwa bado hajatungwa mimba! Hana alikuwa hajapewa kitu chochote bado ila kusikilizwa na kuombewa, na tayari aliweza kula.

Mama yangu, moyo ule mwepesi uliotoka nao kwa mtaalamu siku ile ulikuwa wa kweli. Usione haya. Mtu alikupa saa moja na nusu, na ulikuwa na njaa ya jambo hilo kwa miaka saba. Lakini faraja ya kusikilizwa haikutoka kwenye kichupa, na haifanyi kazi ya kufungua mirija. Umelipa bei ya dawa kwa kitu ambacho ungepaswa kukipata bure nyumbani, na samahani, bure kwetu mapadre, na bure katika jumuiya yako ndogo ndogo.

Na daktari wa hospitali naye asijione amesalimika. Wapo wanaomwona mama kwa dakika tano, bila kuinua macho kutoka kwenye faili, na kumwita tasa mbele ya watu. Halafu tunashangaa watu wakikimbilia kwingine. Yule mwanamke wa Injili ya Marko, sura ya tano, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga wengi asipate nafuu. Bwana hakumkemea kwa kuhangaika kwake. Alisimamisha msafara mzima mpaka mama yule aeleze habari yake yote.

Sasa neno kwa mume. Ndugu yangu, mkeo anasema umekataa kupimwa kwa sababu wewe ni mzima. Umejuaje? Nguvu za kitandani na mbegu zenye uwezo ni vitu viwili tofauti. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita wa umri wa kuzaa hupatwa na shida hii wakati fulani maishani, na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Matumbwitumbwi baada ya kubalehe, kisonono cha ujana, mishipa iliyovimba kwenye korodani, vyote hivi havionekani usoni. Mkeo amekunywa mizizi, amemeza vidonge, ameacha kahawa. Wewe umefanya nini? Kipimo chako ndicho rahisi na cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachopaswa kutangulia.

Najua wako wanaume Wakatoliki wanaokwepa kipimo hiki kwa sababu ya dhamiri, hawataki kutoa mbegu kwa njia isiyo halali. Wanafanya vizuri kujali. Lakini iko njia ambayo wanateolojia wengi wa maadili wanaikubali: mbegu huchukuliwa katika tendo la ndoa lenyewe, nyumbani, kwa kutumia kondomu maalumu isiyo na dawa ya kuua mbegu, iliyotobolewa tundu dogo ili tendo libaki wazi kwa uhai. Mwambieni daktari mapema, asije akashangaa.

Kwa upande wa mke, daktari ataanza na kujua kama yai linatoka. Hapo wale waliojifunza njia ya Billings wana hazina. Mama anayeandika dalili zake za ute kila siku anampelekea daktari habari ambazo zingehitaji vipimo vingi, na zaidi ya hayo wanajua siku zipi wakutane. Kisha damu itapimwa kuangalia tezi la shingo na homoni nyingine. Halafu picha ya mawimbi ya sauti ya kizazi, na eksirei ya mirija, ambayo ndiyo ile pesa iliyokwisha. Katika nchi zetu za Afrika, mirija iliyoziba kwa makovu ya maambukizo ya zamani ni miongoni mwa sababu kubwa za utasa, na hakuna kuuliza juu ya ndoto kunakoweza kuionyesha. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asingoje mwaka mzima, miezi sita inatosha. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali kwanza na kisha kumpa tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana.

Dawa za kusaidia yai litoke, au upasuaji wa kuzibua mirija, Kanisa halina pingamizi navyo. Mtoto wa kutengenezwa maabara ni jambo jingine. Waraka wa Donum Vitae wa mwaka 1987 ulieleza kwa nini: mtoto ni zawadi, atoke katika kukumbatiana kwa wazazi wake, na hakuna mwenye haki ya kumdai kama mali. Nitalirudia siku nyingine, maana linahitaji ukurasa wake.

Na ikiwa baada ya yote haya mtoto hakuja? Mama mkwe ameshaanza kunong'ona juu ya mke wa pili, barua yasema. Mwambieni kwa heshima kwamba sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mlipokula kiapo hamkuwekeana sharti la watoto. Wako wanaoitwa kulea mtoto asiye na wazazi, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeeleza utaratibu wake hapa Kenya. Wengine hawaitwi huko, na wasilazimishwe.

Nilikuwa nimefika hapa nilipopokea barua ya pili kutoka nyumba ile ile. Nilikuwa nimemwandikia mama kwanza, faragha, nikamwomba amsomee mumewe habari ya Elkana, kisha anyamaze. Safari hii mwandiko ni wa aina mbili. Mama ameandika mistari michache kwamba walikaa jikoni hadi saa sita usiku, na kwamba alimweleza juu ya baba yake. Chini yake kuna mwandiko mkubwa wa mwanamume asiyezoea kalamu. Anauliza kama siku ya kipimo ni lazima aende bila kula.

Hapana, ndugu yangu. Kula chai yako kama kawaida. Ila kabla ya hapo msikutane kwa siku zisizopungua mbili na zisizozidi saba, na kichupa ukifikishe maabara ndani ya saa moja, ukikiweka ndani ya shati karibu na mwili ili kisipate baridi. Nendeni wote wawili.